Mukasine Yuko Upande Gani?

Mama Isimbi aliweka karoti tatu zilizolegea juu ya meza ya Gatesi, akavuta kiti bila kukaribishwa, akakaa. Shingoni ilimning'inia beji ya mgeni namba saba, ile anayopewa kila anayeacha kitambulisho chake kwa mlinzi wa mlangoni.

"Nini hizi, mama?"

"Ushahidi."

Gatesi akazisukuma kando kwa ncha ya kalamu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rufaa za watu ambao ofisi ya mashtaka imewakatalia kesi zao. Alikulia Bukoba, akaja Gisenyi, hapa mpakani na Congo, akiwa mtu mzima, na katika miaka minne ya kazi alishaletewa panga, simu iliyopasuka, hata mbuzi mzima anayelia. Karoti, bado.

"Ni za Mukasine," mama akasema. "Anazitoa Kanzenze, anazivusha Goma kila asubui. Sasa wiki tatu hazivuki. Karoti inaoza, wateja wanamusahau. Na pale sokoni, mukubwa, nafasi yako ikikaa wiki ine bila mutu, mwingine anatandika gunia yake. Imebaki wiki moja tu."

Chini ya karoti palikuwa na faili. Mwenzake wa chumba cha pili alikuwa ameifunga kwa maneno machache: Mukasine, mtu mzima, alitoka nchini kwa hiari yake. Mashine ya mpakani inaonyesha alikwenda Goma saa kumi na mbili na robo asubuhi, na hakurudi. Hakuna kosa, hakuna cha kufuatilia. Nyuma yake ilibanwa barua ya rufaa, kazi ya mwandishi wa barua wa mtaa wa Mbugangari, imejaa maneno makubwa makubwa, na mwisho wake, mahali pa sahihi, pamegandamizwa dole gumba la wino.

"Jina lako, mama?"

"Andika Mama Isimbi. Mbugangari yote wananijua hivyo. Ukitaja lingine watakuambia mutu huyo haiko."

Gatesi akaandika.

"Na wewe ni nani kwake?"

"Mi? Tumezaliwa siku moja, tumbo moja."

"Pacha wake, basi."

Mama akacheka mpaka beji ikatikisika. "Andika unavyoona, mwanangu."

Kwenye faili, chini ya maelezo ya sura ya aliyepotea, palikuwa pameandikwa: mwanya katikati ya meno ya juu. Gatesi akautazama mwanya uleule ukimchekea ng'ambo ya meza, na moyo wake ukalainika. Kupotelewa na pacha, na bado kucheka namna ile!

"Mama, nikueleze ukweli. Mashine inasema yuko Goma. Mimi siwezi kumtafuta mtu Congo."

"Machine! Siku ile mvua ya mawe ilishuka saa kumi. Unaikumbuka?"

Gatesi aliikumbuka vizuri. Ilimpasulia kioo cha gari.

"Bon. Watu wote walirudi mbio, ndoo kichwani kama kofia. Nani angesimama kuweka kidole kwa machine? Machine yenyewe ilikuwa imefunikwa na nailoni. Mukasine alirudi, mukubwa. Nilimuona na haya macho. Alifika nyumbani ameloa chapachapa, akakula viazi na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, akalala."

Gatesi akaweka kalamu chini. "Alirudi? Una hakika?"

"Sahani tulikula moja."

"Mbona hukumwambia hivyo mwenzangu?"

"Kwake nilianza na ukweli wote mara moja. Akanifukuza, ati nisimuchezee, ana kazi nyingi. Mpakani nao walicheka, wakasema wanataka karatasi yenye muhuri. Donc leo ninauleta kidogo kidogo."

Gatesi hakusikia zaidi ya neno lile moja: alirudi. Kama alirudi, basi amepotelea upande huu, na upande huu ni wa ofisi yao. Mwenzake alikosea. Akavuta kompyuta, vidole vikaanza kukimbia. Uamuzi wa kwanza umetenguliwa. Mukasine atafutwe mara moja ndani ya wilaya ya Rubavu, mtaa kwa mtaa.

"Ongeza kidogo, mukubwa," mama akasema, ameinama juu ya meza kama anayechungulia chungu jikoni. "Akipatikana, machine iandike kwamba Mukasine iko Rwanda."

"Ya nini hiyo?"

"Mutu hawezi kutoka kwa nyumba mara mbili bila kuingia. Karoti zitavuka na nani?"

Gatesi akacheka. Mama huyu, hata katika msiba anawaza soko! Akaongeza mstari, akachapa, akapiga muhuri kwa nguvu, kisha akaupiga tena kwa raha tu.

"Haya. Nataka kuanza leo hii. Picha yake ipo?"

"Iko kwa mulango, na yule mulinzi."

Wakashuka ngazi pamoja, mama mbele, karatasi mkononi, akiwasalimia hata wasiomjua. Mlangoni Cedric, mlinzi, alikuwa anakunywa chai.

"Mama huyu amekuachia picha," Gatesi akamwambia. "Ya mtu tunayemtafuta."

"Picha? Sijaachiwa picha, madamu." Cedric akatazama beji, akapekua sanduku lake, akatoa kadi moja. "Namba saba ni hii tu."

Gatesi akaipokea. Kitambaa kichwani, shingo ndefu, mwanya. Akasoma jina. Akalisoma tena, polepole, kisha akainua macho.

"Mumenipata haraka, asante," mama akasema, akivua beji. "Mpaka wanafunga saa ngapi leo?"