Kantini, Saa Saba Kamili

"Simu zote kwenye beseni," mwenyekiti alisema, na Mama Pacha akaiweka yake. Hilo la simu halikuwa jipya, kila kikao cha kamati ya wafanyakazi kilianza hivyo. Jipya lilikuwa kwamba leo mwenyekiti alifunga mlango kwa ufunguo, kisha akautia mfukoni.

Mwenyekiti huyo alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha mablanketi, na watu walimwita Spana. Alikuwa mtu wa utani hata msibani. Leo hakutania.

"Ndugu zangu, tumeshindwa mara tatu," alisema. "Tulipotaka kukusanya saini, wasimamizi walitutangulia kuzunguka idarani kuwatisha watu. Tulipomwita mkaguzi wa usalama, rola za mashine zilifungwa kinga asubuhi ile ile, alipoondoka tu wakazivua. Bosi wa utumishi anaijua mipango yetu kabla wino haujakauka. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mama Pacha, ambaye ndiye katibu, aliinamia daftari lake.

Miezi minne iliyopita bosi wa utumishi alimwita ofisini, akamwonyesha orodha ya watakaopunguzwa idara ya kufungasha. Jina lake lilikuwa juu kabisa. "Si lazima libaki hapa," bosi alimwambia kwa upole. "Wewe nijulishe tu kamati inapanga nini, lini na wapi. Nani ataumia?"

Mume hana kazi, pacha wako darasa la pili. Akakubali. Wiki tatu baadaye rola ya pili ilimla vidole viwili binti mmoja wa kufuma, na mpaka leo rola hiyo iko wazi. Tangu hapo Mama Pacha hajui usingizi. Wenzake wakigundua, atakosa kazi na atakosa pa kuuweka uso. Hata wifi yake, aliyempigia kampeni ya ukatibu mpaka sauti ikakauka, hatampa tena mkono.

"Jana nilimwambia kila mmoja wenu, faraghani, mahali tutakapokutana na wafanyakazi wote leo saa saba, tupige kura ya kuzima rola," Spana aliendelea. "Nikawaomba msimwambie mtu, hata nyinyi kwa nyinyi. Sasa nawaambia ukweli. Mkutano haupo. Na kila mmoja nilimtajia mahali pake."

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Katibu nilimwambia kantini. Dereva, banda la malori. Mtunza stoo, ghala la nyuma. Dada Usafi, chumba cha kubadilishia nguo." Akavuta pazia. Kutoka ghorofa ya pili uwanja wote ulionekana, na milango yote minne. "King'ora cha saa saba kikilia, tutaangalia walinzi wanakwenda wapi."

Yarabi! Kantini, saa saba kamili. Ndivyo alivyoandika jana, maneno manne tu, akayatuma, akayafuta. Sasa simu iko kwenye beseni na ufunguo uko mfukoni mwa Spana. Siku za mwizi ni arobaini, na yake ilikuwa imebakiza dakika nane.

"Mwenyekiti, naomba niende chooni," Dada Usafi alisema.

"Vumilia, dada yangu."

"Nimebanwa, jamani!"

"Dakika nane hazijaua mtu."

Dada Usafi akasogeza kiti mbali kidogo. Hataki hata kukaa karibu na mimi, Mama Pacha aliwaza. Ameshaninusa.

Dereva wa foko la kunyanyulia mizigo, ambaye siku nyingine ungemlipa ili anyamaze, alikuwa anajifuta shingo kwa taulo. Kila Mama Pacha alipoinua macho, aliyakuta ya dereva yanamsubiri. Na huyu naye anajua! Kwenye kona, mtunza stoo, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa ananong'ona dua. Mama Pacha alijiona yeye ndiye anayesomewa.

"Na akipatikana?" dereva aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Atakwenda kusimama mbele ya yule binti," Spana alisema. "Amtazame ule mkono, amweleze mwenyewe alichokipata."

Mama Pacha alitamani sakafu ipasuke immeze. Alifikiria kusema sasa hivi, apunguze aibu. Hakuthubutu. Akabaki kuomba, maana hofu humfanya mtu aombe lolote: walinzi wa hapa ni wavivu, Mungu wangu, wa kuamshwa kwa teke. Leo tu. Leo tu walale.

King'ora kikalia.

Wote watano wakasimama dirishani. Mlango wa kibanda cha geti ukafunguka, walinzi wakamiminika nje na virungu mkononi, kundi zima, hakuna aliyelala. Wawili wakachomoka mbele. Hawakuuliza njia wala hawakusitasita. Wakavuka uwanja moja kwa moja, wakasimama mlangoni mwa kantini.

Mama Pacha alifumba macho. Akashika fremu ya dirisha. Alisubiri sauti ya Spana. Haikuja. Alisubiri mkono wa mtu begani, au kofi. Havikuja. Basi akaona bora aliseme mwenyewe, liishe.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtiririka. "Nisameheni, jamani. Ni mimi."

Hakuna aliyemgeukia. Akafumbua macho. Dereva alikuwa ameganda, anatazama banda la malori. Mtunza stoo anatazama ghala la nyuma. Dada Usafi, mikono kichwani, anatazama chumba cha kubadilishia nguo. Na kila mlango ulikuwa na walinzi wawili.