Mtihani wa Tatu wa Clem Thackray

Mtihani wa kwanza wa udereva, Clem Thackray alifeli kwa kumlalia mtahini. Kila kona ya kushoto alijilaza upande huo kama alivyozoea kwenye uwanja wa mbio za pikipiki, na Bwana Ormerod, mtahini mwenyewe, akafika mwisho wa safari kofia imempinda. Mara ya pili Clem alisahau breki. Si ajabu, pikipiki za mashindano hazina breki, na yeye alikuwa amezipanda miaka saba, tangu mchezo ulipoingia Uingereza. Gari la mikate la baba mkwe wake likasimamishwa na ua wa nyumba ya kasisi.

"Bingwa mzima wa Lancashire, unakwenda mashindanoni kwa basi!" mkewe Winnie alimcheka.

Kisha akaacha kucheka, maana jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Bega la Clem lilishavunjika mara tatu, na rafiki yao Sid alikatwa mguu msimu uliopita. Baba yake Winnie, mwoka mikate, alikuwa ametoa ahadi: Clem akipata leseni kabla ya Ijumaa, kazi ya gari la mikate ni yake, na pikipiki basi. Asipopata, kazi anapewa binamu yake Winnie. Clem alikubali bila kusukumwa. Alitaka kumwona mwanawe akikua.

Wiki tatu nzima Winnie alimfundisha, amejibana kando yake na tumbo lake.

"Breki, we mwanamume! Unataka nizae humu humu?"

"Si nimekanyaga, mama kijacho!"

"Hayo uliyokanyaga ni mafuta!"

Alhamisi asubuhi Winnie akasimama mbele ya posta kutazama mtihani wa tatu. Loo, mumewe aliendesha! Alitoa mkono dirishani kila alipotaka kukata kulia. Alisimama taratibu kumpisha bibi mwenye kikapu. Akarudi nyuma uchochoroni bila kugusa ukuta hata kidogo. Winnie akapiga makofi peke yake pale barabarani, wapita njia wakamkodolea macho.

Bwana Ormerod alishuka na uso wake mkavu, akampa Clem karatasi, akaenda zake.

"Nimefeli," Clem akasema. "Eti nasitasita. Nirudi mwezi wa kumi."

"Unasitasita? Wewe?" Machozi yalimlengalenga Winnie. "Mwezi wa kumi msimu wa mashindano umeshakwisha! Utakuwa umepona au umevunjika shingo! Yule mzee ana roho mbaya!"

"Aa, usimseme. Muungwana yule. Hata bega aliniuliza kama limepona."

Ijumaa binamu akakabidhiwa funguo.

Jumamosi mchana Winnie akaenda uwanjani, mara ya kwanza tangu Sid akatwe mguu. Liwalo na liwe, alijiambia, afadhali nione kwa macho yangu kuliko kungoja mtu aje kunigongea mlango. Pikipiki nne zilichomoka kwa mpigo. Kwenye kona Clem aliilaza yake ubavu, vumbi la makaa yaliyotandazwa njiani likaruka, na kati yake na ubao wa uzio palibaki upana wa kiganja. Winnie akafumba macho mizunguko yote iliyobaki. Alipoyafumbua mumewe alikuwa wa kwanza, na mzima.

Watu walikuwa wamepagawa. Mstari wa mbele mzee mmoja alikuwa amepanda juu ya benchi, skafu nyekundu na nyeupe ya mashabiki wa Clem shingoni, anazungusha kile kidude cha mbao cha kupigia kelele huku analia kwa furaha. Akageuka kumkumbatia jirani yake. Alikuwa Bwana Ormerod.

"Yule hapa anafanya nini?" Winnie akamuuliza mama aliyekaa kando yake.

"Nani, mzee Ormerod? Huyo hajakosa shindano tangu mwaka wa kwanza!" Yule mama akacheka, akampa peremende. "Tena ndiye aliyetutuliza. Tulikuwa roho juu, dada, tumesikia Clem anatuacha akauze mikate. Alhamisi mzee akatupitia, akatuambia tusiwe na wasiwasi, Clem haendi popote."