Pacha Waliopishana Miezi Miwili

Kwa mujibu wa kompyuta, Pulchérie alijifungua Alida mwezi wa Aprili, akapumzika miezi miwili, kisha akajifungua Aurore mwezi wa Juni wa mwaka huohuo.

"Mama, Mungu iko na nguvu, mimi hapana kataa," alisema Ezira, afisa aliyeshika faili za safari pale Base Camp, kwenye ofisi za kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. "Lakini balongo gani hii, pacha gani, moja nazaliwa, ingine nangoja miezi mbili?"

Pulchérie hakucheka. Alikuwa Mrundi aliyezoea kubeba magunia ya dagaa kutoka Kikagate, na sasa mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Nje, kwenye benchi, watoto wawili wa miaka kumi walikuwa wakigawana chapati.

Safari ilikuwa ya kuhamia Kanada, na ndege ilikuwa wiki ijayo. Ezira alikuwa ameshaeleza. Mama na watoto wake wa kuzaa wanakwenda. Mtoto ambaye tarehe zake zinamkana mama anatolewa kwenye faili na kubaki Nakivale, na maombi yake yanaanza upya, pengine kwa miaka. Kati ya hawa wawili, wa kutolewa ni yule aliyeandikishwa baadaye, yaani Aurore.

"Akibaki, nami nabaki," alisema Pulchérie.

"Ukibaki, faili yote nakufa. Na huyu Alida pia."

Pembeni, nyuma ya kompyuta yake, alikaa Joël, kijana Mkongomani wa Uvira. Ofisi moja ndogo ya Kakoba, kule Mbarara, ndiyo iliyomtuma kuhamisha kumbukumbu kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, na kazi hiyo ilikuwa imemchosha roho. Mfumo wa zamani uliandika siku kwanza, mwezi baadaye. Mfumo mpya, uliotengenezwa na watu wasioijua Nakivale hata kwenye ramani, ulisoma mwezi kwanza. Aliyezaliwa tarehe ishirini na tano alikuwa na bahati: hakuna mwezi wa ishirini na tano, kwa hiyo mashine iligoma na kosa likaonekana. Walioumia ni wale wa siku za mwanzo wa mwezi. Hao mashine iliwameza kimyakimya, ikawatapika na siku nyingine ya kuzaliwa, na hakuna aliyejua mpaka mtu anyimwe kitu. Joël aliichukia mashine ile kwa dhati.

"Chef, mukubwa, ngoja kwanza," alimwambia Ezira. "Mama, bale batoto bawili, ulibaandikisha siku moja?"

"Hapana. Alida niliingia naye kambini. Aurore alibaki Burundi kwa bibi yake. Aliletwa baadaye, kwa njia ya Tanzania." Pulchérie alijibu haraka, swali halijamaliza hata kutua.

Joël alihisi moyo wake ukichangamka. Kumbe Alida alikuwa kwenye mfumo wa zamani na kuhamishwa pamoja na maelfu ya wengine, na Aurore aliandikwa moja kwa moja kwenye mfumo mpya. Akafungua kumbukumbu za zamani, akatafuta, akageuza kompyuta ili Ezira aone. Alida alikuwa ameandikwa tarehe nne, mwezi wa sita. Mashine ilikuwa imesoma mwezi wa nne, tarehe sita.

"Angalia, chef. Bote ni tarehe ine ya mwezi wa sita. Mama hakudanganya. Mashine njo ilidanganya."

Ezira hakupenda kushindwa mapema. Aliwaita watoto ndani, akawasimamisha bega kwa bega. Mmoja alimzidi mwenzake karibu kichwa kizima.

"Hawa hapana fanana."

"Mapasa habafananake saa yote," alisema Joël.

Ezira alimwinamia yule mfupi. "Wewe Aurore. Ulizaliwa lini?"

Mtoto alimeza chapati, akamtazama Pulchérie.

"Tarehe nne Juni," alijibu Alida.

"Nauliza huyu."

"Tarehe nne Juni," alisema Aurore, kwa sauti ya mtoto anayejibu katekisimu.

Joël alimwonea huruma mpaka akakasirika. Mtoto kuhojiwa kama mwizi kwa kosa la mashine. Hakungoja kuambiwa. Alirekebisha tarehe ya Alida, akaweka alama penye neno pacha, akahifadhi. Kompyuta iliwaza kidogo, kisha tarehe mbili zikakaa pamoja, zimelingana. Ezira alizitazama, akagonga muhuri kwenye faili.

"Haya. Mutaenda bote tatu."

Pulchérie alimshika Joël mkono kwa mikono yote miwili. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hiyo tarehe haitabadilika tena, mwanangu?"

"Haiwezi tena, mama. Nimeifunga. Hakuna mutu atakutenganisha na batoto bako."

Lilikuwa jambo jema la kwanza ambalo kazi ile ilikuwa imempa, na Joël alilifurahia waziwazi. Alifunga kompyuta, akaitia mkobani na kutoka nyuma yao kwenda kutafuta boda boda. Alida alikuwa ameshatangulia mbio kuelekea sokoni. Aurore alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitenge cha Pulchérie, na kwa mara ya kwanza siku ile alizungumza bila kuulizwa.

"Mama Alida," alisema polepole, "siku mama yangu akija hapa kuniulizia, hiyo mashine itamwambia niko wapi?"