Mkufu wa Mnana

Alikuwako Mnana, ndege fundi wa viota, mwenye mabinti wawili na mkufu mmoja. Mpangilio wa rangi za mkufu huo ndio uliofundisha kusuka kiota: nyuzi mbili za shanga zimesokotana, kila ushanga mweupe ukitazamana na mweusi, kila mwekundu na wa njano. Mabinti wote wawili walikuwa karibu kuolewa, naye hakujua ampe nani.

Panya, mwenye kijicho, akaunyakua mkufu, akazitenganisha nyuzi, akamtupia Mnana mmoja, mwingine akabaki nao.

"Haya, suka na nusu!"

Mnana akaleta uzi na shanga mpya. Penye mweupe akatunga mweusi, penye wa njano akatunga mwekundu, mpaka mkufu ukatimia. Panya, aliyengoja kumwona akilia, akaduwaa.

"Hebu nipe na uzi huo, mwanangu," akasema Mnana.

"Wa nini?"

"Binti wa pili naye anaolewa."