Tawi la Njia Panda

Siku hizi milima ya Upare inamruhusu mtu mmoja tu kwa kila nyumba kuipanda, na habadilishwi mpaka afe. Kwetu mtu huyo ni mimi. Mwaka wa kuchagua, dada yangu Naelijwa alikuwa ameteguka goti, nami nikamwambia bwana misitu kwamba halitapona kamwe. Nilijua limeteguka tu. Baada ya wiki sita alikuwa anaruka kamba.

Zamani tulipanda sote wawili. Mimi nilitangulia, na kila penye njia panda nililaza tawi bichi kwenye njia isiyofaa, ili yeye akija nyuma asipotee.

Jana niliposhuka alinipokea viatu mlangoni. Alikwangua tope kwa kijiti, akalitia kwenye kopo lake la dirishani. Humo kangaga dogo, mmea wa kule msituni, limechipua, na hulimwagilia kila asubuhi.

"Pale penye njia panda, juu ya maporomoko," aliuliza, "bado unalaza tawi?"

"Nalaza. Kila safari."

Aliendelea kukwangua mpaka soli ikawa safi kabisa.

"Unamlazia nani, kaka?"