Bawabu Asiyetaka Kulamba

Palikuwa na sisimizi bawabu, jina lake Mkasi, aliyeogopa maradhi hata akakosa utulivu. Kila aliyeingia shimoni alimnusa mara tatu, kisha akamfuata kumnusa tena.

Siku moja mwenzake Siwema alirudi na vumbi la ukungu mgongoni, ule ukungu unaoota mwilini na kuua sisimizi.

“Huingii,” alisema Mkasi. “Utatumaliza.”

“Nisipolambwa nitakufa, dada.”

Shangazi zao wakatoka, wakamlamba Siwema kila mmoja kidogo, mpaka akatakata.

“Mtaugua,” Mkasi aliwaambia, akirudi nyuma.

“Kidogo tu,” alijibu shangazi mmoja. “Mwili ukishamwonja adui, humjua akirudi. Njoo nawe ulambe.”

“Nilambe ugonjwa? Sijachoka kuishi, shangazi.”

Shangazi waliugua siku mbili, wakapona. Mkasi alizidi kuhangaika, akinusa hata kivuli chake.

Mvua zilipokuja, ukungu ulipenya kutani, wala haukupita mlangoni kwa Mkasi. Shangazi na Siwema waliendelea na kazi. Aliyeanguka ni bawabu.

Alipoona Siwema anamjia, alinong’ona, “Kaa mbali, utaugua.”

“Mimi na ukungu huu tunajuana,” alisema Siwema, akaanza kumlamba mgongo. “Tulia basi, dada.”

Mkasi akatulia.