Ngiri na Harufu ya Mapera

Enzi wanyama walipokuwa bado wakichekana, aliishi Ngiri aliyekula mapera mpaka akashindwa kusimama. Nyani alimcheka kuliko wote. "Tumbo hilo halina mwisho!"

Siku moja Kakakuona, mpole wa maneno, akaketi kando ya Ngiri akimtazama anavyokula.

"Ndugu yangu, ni matamu?"

Ngiri akaacha kutafuna. "Pera la kwanza lilikuwa tamu. Haya mengine sisikii kitu."

"Na tumbo linasemaje?"

"Limeshiba zamani, linaniuma. Lakini harufu ikinifikia, kuna kitu kinaamka kichwani mwangu. Kinaniambia kwamba pera lijalo ndilo tamu, nami nakiamini kila mara."

Nyani, aliyekuwa akisikiliza juu ya mti, akashuka, kicheko kimemkauka. Siku zote alidhani anamwona mlafi akistarehe, kumbe alikuwa akimwona mwenzake akiburutwa. Akajishika kichwa, akastaajabu kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kumshinda nguvu mnyama mwenye meno kama yale.

"Twende upande unakotoka upepo," akasema, "harufu isikufikie. Nitakaa nawe."

Wakaondoka taratibu, Ngiri akimwegemea Nyani, na wanyama wote wakaacha kucheka, wakampisha njia.